Kabla Hamjavunja Kamati

Kila inapotoka ripoti ya watoto wa mitaani, na kila mauaji ya wapenzi yanapotikisa mji, jibu la viongozi wa dini huwa moja: vijana waoe, na waliokwisha kuoa wavumilie. Utalisikia Ijumaa kwenye hotuba, utalisikia Jumapili kwenye mahubiri, na usiku utalikuta redioni, sheikh na mchungaji wakiitikiana. Jibu lenyewe si la kubeza, ila limekatwa katikati. Dini hizi mbili hazikuishia kwenye kuoa na kuvumilia. Ziliizungushia ndoa watu: mashahidi wanaoijua tangu siku ya kwanza, wasuluhishi wanaoitwa mambo yanapoanza kuchacha, na muda wa kutulia kabla kuachana hakujakamilika. Hoja yangu ni kwamba uwezo wa dini kuokoa familia umo kwa watu hao na katika taratibu hizo. Ukiwaondoa, ukabaki na cheti na amri ya kuvumilia, hujaokoa familia, umeifungia mlango tu.

Tuanze na wanaosema kuoa kwenyewe kunatosha. Wanategemea takwimu zinazoonyesha, katika nchi nyingi, kwamba watoto wa wazazi waliooana hufanya vizuri zaidi shuleni na nyumba zao zina kipato cha afadhali. Takwimu ni za kweli, tatizo ni namna zinavyosomwa. Anayefika hatua ya kufunga ndoa mara nyingi tayari ana kazi, ana ndugu wa kumpelekea posa, na ana subira ya kumaliza mafundisho ya parokiani. Sasa kilichomfaa mtoto ni ndoa, au ni yale yaliyoitangulia? Marekani walilipima jambo hili kwa fedha za serikali. Mpango ulioitwa Building Strong Families uliwachukua wazazi ambao hawakuwa wameoana, zaidi ya jozi 5,000 katika maeneo manane, ukawagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa mafunzo ya kuishi pamoja, jingine likaachwa liendelee na maisha yake. Baada ya miaka mitatu, waliofundishwa hawakuwa wameoana zaidi wala kudumu pamoja zaidi ya wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 1997, jimbo la Louisiana lilianzisha kwa sheria ndoa ya agano, ngumu kuingia na ngumu kutoka, yenye ushauri wa lazima. Waliojitokeza kuichagua walikuwa wachache mno. Ni kweli kwamba hao wachache waliachana kwa kiwango kidogo kuliko wengine, lakini walikuwa watu wa dini sana tangu mwanzo. Ninavyosoma mimi, majaribio yote mawili yalishughulika na watu wawili peke yao, kana kwamba ndoa ni somo la kufaulu au kufeli. Hakuna mjomba aliyepewa haki ya kuuliza mbona siku hizi hamsalimiani.

Haki hiyo ya kuuliza ndiyo dini zilizoiweka, na historia inaonyesha kwa nini. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilikubali ndoa iliyofungwa kwa maneno ya watu wawili tu, popote walipokuwa. Matokeo yake yalijaa kwenye mahakama za maaskofu: mwanamume kaahidi chumbani, mwanamke kapata mimba, mwanamume kakana, au kaenda kufunga nyingine kijiji cha pili. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, kwa hati inayojulikana kama Tametsi, ukaamuru ndoa itangazwe mara tatu kanisani, ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na iandikwe kitabuni. Matangazo ya ndoa tunayoyasikia leo baada ya misa, yanayowachosha wengi kwa kuwa majina ni ya watu wasiowajua, ni mabaki ya vita ile dhidi ya ndoa za siri. Uislamu ulilikata jambo hilo mapema zaidi. Nikahi inataka walii na mashahidi wawili waadilifu, na Mtume alihimiza itangazwe na dufu lipigwe, ili mtaa ujue nani ni mume wa nani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ikaifuata njia hiyo hiyo ilipotaka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Kote huko hofu ni moja: ndoa isiyojulikana na watu haina wa kuitetea.

Baada ya kufungwa je? Hapa ndipo mafundisho yalipo mazito kuliko tunavyoyatumia. Surat An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, atumwe mwamuzi mmoja kutoka kwa ahali za mume na mmoja kutoka kwa ahali za mke. Angalieni masharti yaliyomo. Waamuzi ni wawili, kila upande na wake, kwa hiyo mke hasimami peke yake mbele ya baraza la mashemeji. Wanatumwa inapokuwepo hofu ya mfarakano, wala hawasubiri mfarakano ukamilike. Na wakishindwa, Surat At-Talaaq ina hatua inayofuata: mwanamke aliyepewa talaka rejea hatolewi nyumbani wakati wa eda, wala hatoki mwenyewe, isipokuwa kwa jambo la uchafu lililo wazi. Kwa anayepata hedhi, muda huo ni vipindi vitatu, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Kusudio halijifichi: watu waliokasirikiana wakikaa paa moja kwa miezi kadhaa, wakaonana asubuhi na jioni, hasira hupata nafasi ya kushuka na kurejeana kukawa jambo jepesi. Tunafanya nini sisi? Talaka inaandikwa kwenye karatasi ya daftari, siku hizi hata kwa ujumbe wa simu, na kabla ya magharibi mwanamke yuko kwao na begi lake na mtoto mgongoni. Tumeifuta eda ya nyumbani, halafu tunalalamika kwamba talaka zimekuwa nyingi.

Wakristo nao wasicheke. Mathayo 18 inaweka ngazi: mwendee aliyekukosea peke yako, asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, asipowasikia hao lipelekwe kwa kanisa. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kukosa hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua baina ya ndugu. Parokia na sharika nyingi zina jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki, na wasimamizi wa ndoa ambao kwa kawaida hutakiwa wawe wenyewe wamefunga ndoa kanisani. Kwa karatasi, hakuna taasisi iliyojipanga vizuri kuliko hiyo. Kwa vitendo, wasimamizi huchaguliwa kwa kulingana suti na magauni na kwa uwezo wa kuchangia, na baada ya picha za ufukweni kazi yao imekwisha. Jumuiya ikija kusali nyumbani kwenu, mnaficha ugomvi kabatini kwa saa moja na kutoa soda.

Na kamati ya harusi? Sijui kama kuna chombo kingine cha kijamii katika miji ya Tanzania kinachofanya kazi kwa bidii kama hicho. Kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kinakutana kila wiki, miezi kadhaa, muhtasari unasomwa, kadi za singo na dabo zinahesabiwa, na aliyeahidi elfu hamsini akachelewa anapigiwa simu mpaka atoe. Halafu harusi inapita, watu wanakutana mara ya mwisho kwa supu na nyama choma kuvunja kamati. Yaani kundi lililothibitisha kuwa linaweza kufuatilia ahadi linavunjwa wiki ileile ambayo ahadi kubwa kuliko zote imeanza kufanya kazi. Ushauri wangu wa kwanza kwa wanaojiandaa kuoana, na kwa wazazi wao, ni mwepesi na hauna gharama: kabla hamjavunja kamati, bakizeni watu wawili. Mmoja atoke upande wa mume, mmoja upande wa mke. Majina yao yasemwe mbele ya wote, siku ya kupokea barua ya posa au siku ya kikao cha mwisho, na maharusi wenyewe watamke kwamba hao wana ruhusa ya kuuliza na ya kuitwa. Ruhusa ikitolewa watu wakiwa na furaha, siku ya ghadhabu hakuna atakayesema nani kakuita.

Uchaguzi wa watu hao unataka akili, na hapa kuna jambo moja ambalo washauri wengi wa ndoa hulipita kimya: mahari. Katika Uislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba wala mjomba. Lakini katika jamii nyingi za bara hupokelewa na ukoo, na kwa baadhi yao, kama Wakurya, ng'ombe hudaiwa warudi ndoa ikivunjika. Sasa fikiri baba ambaye ng'ombe wale aliwatumia kumwolea mwanawe wa kiume. Binti akirudi na jicho limevimba, baba huyo atamwambia nini? Atamwambia arudi kwa mumewe, tena atamwambia kwa jina la dini. Pengine hana roho mbaya, ila ana deni. Ndiyo maana nasema aliyepokea mahari asiwe msuluhishi. Asiwe pia anayeishi kwa kutegemea kipato cha mmoja wao, wala rafiki wa karibu ambaye ndiye mwenzake wa kunywa. Tafuteni mtu ambaye ndoa ikidumu hafaidiki na ikivunjika hadaiwi: shangazi mwenye biashara yake, mwalimu mstaafu, jirani wa zamani wa wazazi. Umri mkubwa unasaidia, lakini mzee asiyeweza kutunza siri ni hatari kuliko kijana.

Wengi watapinga hapa kwa maneno tuliyokua nayo: mambo ya ndani hayatoki nje. Somo au kungwi humfundisha mwari kwamba mwanamke mwenye heshima husitiri nyumba yake, na kwenye kicheni pati maneno hayo hurudiwa kwa mafumbo na vigelegele. Siyabezi. Ndoa ambayo kila kuchelewa kwa chakula kunafika kwa mama mkwe haitadumu. Lakini kusitiri aibu ya mwenzako ni jambo moja, kuficha hatari ni jingine. Anayemweleza mtu mmoja aliyekubaliwa na pande zote mbili hajatoa siri nje, amefuata aya na ngazi ya Mathayo. Tena tukiwa wakweli, siri hizo zinatoka hivyo hivyo, ila zinakwenda pabaya: kwa mashoga saluni, kwa kundi la WhatsApp, kwa mchepuko. Wasuluhishi waitwe lini? Waitwe mapema kuliko mnavyoona haya kuwaita. Mshahara ukianza kufichwa. Mkopo ukichukuliwa bila mwenzako kujua. Mmoja akianza kulala sebuleni, wiki ya pili inaingia. Mambo hayo bado yanazungumzika. Godoro likishapakiwa kwenye kirikuu, mnaowaita hawasuluhishi tena, wanagawa vyombo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanawake, nao wana haki ya kulitoa. Wanasema vikao vya wazee na viongozi wa dini ndivyo vilivyowarudisha wenzao kwenye vipigo. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafike umri wa miaka 15. Kwa nchi ambayo karibu kila mtu ana msikiti au kanisa lake, hiyo ni hesabu ya kuwafedhehesha viongozi wetu. Hata hivyo kuna ushahidi wa upande wa pili ambao hausemwi. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, alionyesha kwamba wanaofungua mashauri kwa wingi ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Mtaani mwanamke Mswahili anaambiwa heshima yake ni kunyamaza na kuvumilia. Mbele ya kadhi anatakiwa aseme, na akisema anasikilizwa. Erin Stiles, aliyekaa katika mahakama ya kadhi ya Mkokotoni, Unguja, naye alikuta wafunguaji wengi wa kesi ni wanawake. Kwa hiyo kusema kwamba taratibu za dini kwa asili yake humnyamazisha mwanamke si sahihi. Kinachomnyamazisha ni kikao kisicho na kanuni, ambacho mwenyekiti ni kaka wa mume na hukumu ilishatoka kabla ya chai.

Basi kanuni iwepo, na ya kwanza ni hii: panapokuwa na kipigo, suluhu haitangulii. Kinachotangulia ni usalama. Mwanamke, au mwanamume pale anapokuwa yeye ndiye anayepigwa, aende polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apate fomu ya PF3, atibiwe, alale mahali salama, halafu ndipo wazee wakae. Hakuna maandiko yanayozuia hilo. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa kuondoka pale mwenzake anapomweka katika hatari kubwa ya roho au mwili, yeye au watoto. Paulo mwenyewe, akiwasisitizia Wakorintho wasiachane, alitaja mke aliyekwisha kutengana akamwekea njia mbili: akae hivyo au apatane. Hakuamuru aburutwe arudi. Fikihi nayo ina fasikhi, mlango ambao kadhi huutumia kuvunja ndoa kwa sababu ya madhara. Na kwa wale wanaodai kwamba mume ana haki ya kumtia adabu mkewe kwa fimbo, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kimeshasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kiongozi wa dini anayemrudisha mtu kwenye hatari bila ulinzi hajahifadhi ndoa yoyote.

Wapo pia watakaosema: mbona fulani na fulani wanaishi bila kufunga ndoa miaka ishirini, watoto wanasoma, hawagombani? Ni kweli wapo, na sheria yetu haikuwafumbia macho. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa mume na mke watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo kwa watu. Neno la msingi hapo ni kujulikana. Wengi katika hao unaowasifu wana mashahidi tayari: majirani wanawaita mama fulani na baba fulani, ndugu wa pande zote wanatembeleana, misiba wanazikana. Wanaoumia ni waliowekana kinyumba kwa siri, chumba cha kupanga, kwao hakuna anayejua, na mwanamume akihama usiku hakuna mlango wa kugonga. Mimi ningewashauri hata wale wa miaka ishirini wakamilishe, hasa kwa ajili ya mirathi. Lakini sitawatisha kwa moto wakati nyumba yao inalelewa na watu kuliko nyumba nyingi zenye cheti.

Limebaki neno kwa masheikh, mapadri na wachungaji wanaokaa kwenye mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Kenya, sheria yao ya 2014 inawapa waliofunga ndoa ya Kikristo hiari ya kutumia vyombo vya usuluhishi vya kanisa lao. Tanzania Bara imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mahakama kupokea ombi la talaka mpaka baraza limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika hali chache kama mwenzi kutelekeza na kutojulikana alipo, au mazingira yasiyo ya kawaida. Hata talaka ya Kiislamu, ili mahakama iichukue kuwa uthibitisho kwamba ndoa imevunjika, inatakiwa itolewe baada ya baraza kuthibitisha hivyo. Maana yake serikali imeichukua ile ngazi ya maandiko ikaifanya sheria, na funguo ikawakabidhi ninyi pamoja na kata. Kaeni kwenye kikao mkiwa na daftari. Andikeni tarehe, malalamiko ya kila upande kwa maneno yake, na walichokubaliana. Mke asikilizwe bila mume kuwepo walau mara moja, kwa sababu yapo asiyoweza kuyasema akitazamwa, na mume naye apewe nafasi hiyo hiyo. Wapeni kazi ya kufanya na siku ya kurudi, kisha siku hiyo muwepo. Mkishindwa, andikeni kwamba mmeshindwa. Baraza linalokalia hati mwaka mzima kwa kutumaini kwamba watu watachoka na kurudiana halipatanishi mtu. Kwa kawaida mume anaoa kwingine au anaweka mwanamke mwingine, na mke anabaki si mke si mtalaka, hawezi kudai sehemu yake ya mali waliyochuma pamoja wala kuanza maisha mapya. Hati ya kushindwa kusuluhisha ni karatasi moja, na inatakiwa iandikwe siku ambayo suluhu imeshindikana.